Waliokaa Mezani: Historia ya Uongozi wa Kriketi ya Kenya, Inavyosomwa Kinna

Desemba 1896, mjini Mombasa, maofisa wa serikali ya kikoloni waliingia uwanjani kucheza kriketi na wakazi wengine wa mji. Ndiyo mechi ya kwanza ya nchi hii iliyobaki katika maandishi. Reli ya kwenda Uganda ilikuwa imeanza kutandikwa mwaka huohuo, Nairobi ilikuwa haijawa mji, na mchezo wenyewe haukuwa na chama, katiba wala mhazini. Watu walipatana siku, wakaleta magongo na mpira, wakacheza.

Miaka 100 baadaye, Oktoba 1996, Chama cha Kriketi cha Kenya kiliadhimisha karne hiyo kwa kuwaalika Nairobi Pakistan, Sri Lanka na Afrika Kusini. Tarehe 4, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi, ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajapata zamu ya kupiga katika mechi ya kimataifa, aliwapiga Sri Lanka mikimbio 100 kwa mipira 37. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu zaidi ya miaka 17. Mpenzi wa kriketi wa Lahore au Colombo akisikia jina la Nairobi, siku hiyo ndiyo inayomjia. Natamani akiikumbuka awakumbuke pia waliokata nyasi, waliouza tikiti, waliotia saini hundi na walioandika barua za mwaliko, maana historia hii ni yao: watu waliokaa mezani wakaamua nani acheze, nani alipwe na nani apige kura.

Hapa Kinna, kusini mwa Isiolo, tunakotazamana na milima ya Nyambene na kupakana na hifadhi ya Bisanadi, kijana akisikia neno uwanja huwaza magoli mawili na kandanda. Hata hivyo, Sheria ya Michezo ya 2013 imeweka ngazi tatu za usajili kwa kila mchezo nchini Kenya: klabu, chama cha kaunti na shirikisho la taifa. Kwa hiyo chama cha kriketi cha Isiolo kimekwisha kutengewa nafasi na sheria, hata kabla ya kupatikana mtu wa kukiongoza. Kinna ni wadi mojawapo kati ya kumi za kaunti hii. Siku fomu ya usajili itakapofika, watu wa hapa wana haki ya kujua nyumba wanayokaribishwa ilijengwaje, nani alikaa sebuleni, nani aliachwa uani, na kwa nini paa lake liliwahi kuanguka.

Klabu zilikitangulia chama kwa miaka mingi, nazo zilizaliwa na utaratibu wa kikoloni wa kumtenga kila mtu na rangi yake. Mwaka 1910 ilianza mechi ya maofisa wa serikali dhidi ya masetla. Mwaka 1933 ikaanza ya Wazungu dhidi ya Waasia. Wazungu walikuwa na Nairobi Club. Wahindi, Waismailia, Masingasinga, Wagoa na wengineo, kila jamii ilichanga fedha ikajijengea uwanja wake. Ndipo tukapata majina ambayo msomaji wa kurasa za michezo za Nairobi anayafahamu hadi leo: Nairobi Gymkhana, Aga Khan, Sir Ali Muslim Club, Jaffery, Swamibapa, Kanbis, na Sikh Union ambayo baadaye ilijiita Simba Union. Pwani kulikuwa na Mombasa Sports Club.

Klabu kama hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo ndimo uongozi wote wa baadaye ulimojifunzia kazi. Kulikuwa na mwenyekiti, aghalabu mfanyabiashara anayeheshimika katika jamii yake. Kulikuwa na katibu aliyeandika kumbukumbu za vikao na kupanga ratiba. Mhazini alikusanya ada za wanachama na kuwafuata wenye maduka waongeze. Kamati ya uteuzi iliketi kuchagua wachezaji 11 wa Jumapili, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa mkali zaidi kuliko uwanjani. Kulikuwa na mwandishi wa alama na daftari lake, na mtunza uwanja aliyeamka alfajiri kumwagilia na kushindilia ardhi ya katikati. Mara moja kwa mwaka wanachama wote walikutana, hesabu zikasomwa, viongozi wakachaguliwa au wakaondolewa. Huo ni utawala kamili, na ulifanya kazi vizuri ndani ya ua wake. Kasoro yake ilikuwa ua wenyewe: mwanachama alikuwa mtu wa jamii ile tu.

Mwafrika aliingia kwanza kama mtunza uwanja, au mtoto wa mtaa wa jirani anayeokota mipira iliyovuka ukuta. Kuna ndugu ambao historia ya mchezo huu haiwezi kusimuliwa bila wao, akina Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, akina Obuya. Walikulia mitaa ya Nairobi iliyo karibu na viwanja hivyo na wakaujua mchezo kwa macho kabla ya kuushika kwa mikono. Klabu za Waasia zikawachukua, kwa sababu zilitaka kushinda ligi na hawa walikuwa wanajua. Steve Tikolo akawa nguzo ya Swamibapa. Maurice Odumbe akachezea Aga Khan. Baadhi ya wachezaji waliajiriwa katika kampuni za wafadhili wa klabu ili wapate riziki huku wakicheza. Ulikuwa ukarimu wa kweli, na nauheshimu. Lakini aliyepewa kazi na mwenyekiti wake si rahisi asimame katika mkutano mkuu amuulize mwenyekiti huyo kuhusu hesabu. Na wengi wao, licha ya kuvaa fulana ya klabu, hawakuwa wanachama wenye kura. Hilo tulikumbuke, maana ndilo lililokuja kulipuka.

Kenya ilianza kukutana na Tanganyika mwaka 1951, Uganda ikaingia mwaka uliofuata, na 1953 kikaundwa Chama cha Kriketi cha Kenya, ili mechi hizo zipate msimamizi. Kilikuwa chama cha klabu. Wapiga kura wake walikuwa wawakilishi wa klabu na wa vyama vya mikoa vilivyotokana na klabu hizohizo, na kwa uzito wa idadi na wa mfuko, Nairobi ndiyo iliyoamua. Baada ya uhuru mambo ya kimataifa yaliendelea kufanywa kwa jina la Afrika Mashariki. Timu ya pamoja ilikwenda Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Uingereza mwaka 1975, chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya, ikafungwa mechi zote tatu. Mwaka 1981 Kenya ikajitoa na kuwa mwanachama mshiriki wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) kwa jina lake yenyewe. Nadhani huo ndio uamuzi mkubwa zaidi kuwahi kufanywa na chama kile, na ulifanywa na watu wa kujitolea, wenye biashara zao za kutwa, waliokutana jioni.

Matunda yalichukua miaka 13. Mwaka 1994 Nairobi iliandaa mashindano ya ICC Trophy ya nchi zisizo na hadhi ya Test, yaani ruhusa ya kucheza mechi za siku tano za mataifa makubwa. Kenya ilishindwa fainali na Falme za Kiarabu kwa tofauti ndogo, lakini nafasi ya Kombe la Dunia la 1996 ikapatikana.

Kuhusu mechi ya Pune, India, katika Kombe hilo, sitaki kupita haraka. Tarehe 29 Februari 1996, Kenya ilipiga kwanza dhidi ya West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979, ikatoka kwa mikimbio 166 tu, na Tikolo ndiye aliyepata nyingi zaidi, 29. Kwa hesabu ya kawaida mchezo ulikuwa umekwisha. Kisha akaja Brian Lara, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote duniani wakati ule. Rajab Ali akamrushia mpira, Lara akaugusa kwa pembe ya gongo, ukaenda kwa Tariq Iqbal, mlinda wiketi mwenye mwili mkubwa ambaye katika mashindano yale mipira ilikuwa imemponyoka zaidi ya mara moja. Huu haukumponyoka. Uligonga glavu zake, ukataka kuruka, akaubana mwilini. Lara akaondoka na mikimbio 8. West Indies wote wakaisha kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu, yaani aliwatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15 na akachaguliwa mchezaji bora wa siku hiyo. Nchi nzima ilishangilia mchezo ambao wengi wetu hatukuwa tunazijua sheria zake.

Mwaka uliofuata kulitokea jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko Pune, ingawa halisherehekewi. Aprili 1997, Kuala Lumpur, fainali ya ICC Trophy, Kenya na Bangladesh. Tikolo akapiga 147. Mvua ikanyesha, lengo likapunguzwa kwa hesabu ya ova zilizobaki, yaani mizunguko ya mipira sita sita, na Bangladesh ikashinda katika mpira wa mwisho kabisa. Kwa uwezo wa wachezaji, nchi hizo mbili zilikuwa sawa, na huenda Kenya ilikuwa mbele. Oktoba ya mwaka huohuo, Nairobi Gymkhana, Kennedy Otieno na Dipak Chudasama waliwapiga Bangladesh haohao mikimbio 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka. Mei 1998 Kenya ikaifunga India mjini Gwalior. Pamoja na hayo, Juni 2000 Bangladesh ilipewa hadhi ya Test, na Kenya ikabaki mlangoni. Bangladesh ilikuwa na umati wa watazamaji, serikali iliyojihusisha, na ligi iliyoenea nchi nzima. Kenya ilikuwa na klabu chache za Nairobi, mbili tatu za Mombasa, na wachezaji hodari wapatao 20 walewale. Chama kilijua kuandaa wageni: mwaka 2000 kilipokea mashindano ya ICC KnockOut ya mataifa yote makubwa, na New Zealand ikaifunga India katika fainali palepale Gymkhana. Kilichokosekana ni mchezo wa Nakuru, wa Kisumu, wa Meru, wa Isiolo. Kamati iliyochaguliwa na klabu za Nairobi haikuwa na mpiga kura wa kuikumbusha kwamba kuna nchi nyuma ya Thika.

Kombe la Dunia la 2003 lilichezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya shambulio la kigaidi la Kikambala la Novemba 2002, na Kenya ikapewa pointi za mechi hiyo. Wapo wanaolitaja hilo kila mara kupunguza sifa ya Kenya. Siku tatu tu baadaye Sri Lanka walikuja, wakacheza, na wakafungwa kwa mikimbio 53. Collins Obuya aliwatoa watano kwa mikimbio 24, na waliokuwa Gymkhana jioni ile waliwaona wachezaji wakiuzunguka uwanja mbio kama watoto waliofunguliwa shule. Canada, Bangladesh na Zimbabwe nao walishindwa. Chini ya nahodha Steve Tikolo na kocha Sandeep Patil, Kenya ikafika nusu fainali, nchi pekee isiyo na hadhi ya Test kuwahi kufika hapo, ikatolewa na India mjini Durban tarehe 20 Machi.

Katikati ya safari hiyo kuna mtu mmoja nisiyechoka kumsimulia. Aasif Karim wa klabu ya Jaffery alikuwa nahodha wa zamani, mwenye biashara ya bima, aliyekwisha kustaafu baada ya Kombe la 1999. Alirudi akiwa na miaka 39. Tarehe 15 Machi 2003, Durban, Australia, mabingwa wa dunia, walihitaji mikimbio 175 tu, na wakawa 109 kwa wiketi mbili. Karim akaanza kurusha polepole. Ricky Ponting akatoka, Darren Lehmann akatoka, Brad Hogg akatoka. Karim alimaliza na wiketi tatu kwa mikimbio saba katika ova nane na mipira miwili, na sita kati ya ova hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Australia walishinda mechi, lakini uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Karim alikuwa zao la klabu kwa maana iliyo bora kabisa: mtu aliyecheza Jumapili kwa Jumapili tangu ujana, bila mshahara wa kutegemewa, kwa sababu klabu yake ilikuwa na uwanja, ratiba na mtu wa kumkumbusha mazoezi.

Na hapohapo kileleni chama kikaanza kuvunjika. Nusu fainali ilileta fedha na matumaini, na wachezaji wakataka kujua sehemu yao. Mikataba ilicheleweshwa, malipo yakawa chanzo cha malumbano kila mwezi, uongozi ukagawanyika, na vyama vya mikoa vikagombana na makao makuu. Agosti 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano wake na watu wa kamari, na heshima ya mchezo ikaingia doa. Mwishoni mwa mwaka huo wachezaji wakuu waligoma. Novemba, timu iliyokwenda Falme za Kiarabu kucheza Kombe la Mabara ilikwenda bila wao. Wafadhili walirudi nyuma, Baraza la Kimataifa likataka kuona utaratibu kabla ya kutoa fedha, na serikali ikaingilia kati. Mwaka 2005 chama cha tangu 1953 kilizikwa, na mahali pake pakasimama chombo kipya, Cricket Kenya, Samir Inamdar akiwa mwenyekiti.

Nimesoma na kusikia maelezo mengi ya anguko hilo, na karibu yote yanatafuta mtu wa kulaumiwa. Mimi naona muundo. Wachezaji waliokuwa wakiingiza fedha zote zile hawakuwa na kiti ndani ya chama. Hawakuweza kuuliza hesabu katika mkutano mkuu, kwa sababu hawakuwa wajumbe. Njia pekee waliyobakiwa nayo ya kusema neno ni kuacha kucheza. Chama kisichompa mtu nafasi ya kunung'unika ndani kitasikia manung'uniko yake nje, mbele ya waandishi wa habari na mbele ya wafadhili.

Cricket Kenya ilianza vizuri. Hesabu zilikaguliwa, mikataba ya wachezaji ikasainiwa, makocha wakaletwa. Mwaka 2011 yakafanywa mashindano ya ligi pamoja na timu za Uganda, wazo zuri ambalo lilistahili kuishi zaidi. Uwanjani, hata hivyo, kizazi cha 2003 kilikuwa kimezeeka na nyuma yake hapakuwa na foleni. Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilipoteza mechi zote sita. Mwaka 2012 Jackie Janmohammed alichaguliwa mwenyekiti, mwanamke wa kwanza kuongoza kriketi ya nchi hii. Alirithi nyumba yenye nyufa. Mwaka 2014 hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja ilipotea. Februari 2018 timu ilishindwa mechi zote za daraja la pili la Ligi ya Kriketi ya Dunia mjini Windhoek ikashushwa hadi daraja la tatu, na mwenyekiti, nahodha Rakep Patel na kocha Thomas Odoyo wakajiuzulu. Miaka iliyofuata ilijaa vuta nikuvute ya katiba na uchaguzi, na swali lilikuwa lilelile la 1953: nani ana kura?

Sheria ya 2013 ilikusudia kulijibu. Shirikisho la taifa lijengwe juu ya vyama vya kaunti, uchaguzi ufanywe kwa vipindi vinavyojulikana, migogoro ipelekwe mbele ya Jopo la Mizozo ya Michezo badala ya mitaani. Kwa maandishi, Isiolo na Nairobi zinakuwa sawa. Lakini ni rahisi kusajili chama cha kaunti kwa majina machache na muhuri, bila klabu, bila uwanja, bila mtoto hata mmoja anayecheza, ili kura moja ipatikane siku ya uchaguzi wa Nairobi. Wenye klabu za zamani wanalalamika kwamba watu wasio na gongo wataamua hatima ya waliotunza viwanja kwa vizazi. Wanaodai kaunti wanajibu kwamba klabu zilipewa nusu karne na hazikutoka nje ya jiji. Pande zote mbili zinasema kweli.

Waingereza walioleta mchezo huu wana kaunti zao pia, na tofauti inafundisha. Klabu ya kaunti ya Sussex ilianzishwa mwaka 1839, Surrey 1845, Yorkshire 1863. Leo ziko 18 za daraja la juu, ya mwisho kuingia ikiwa Durham mwaka 1992, na nyingi bado ni mali ya wanachama wake: mzee anayelipa ada yake na kukaa jukwaani na chai ya chupa ana kura moja, sawa na tajiri. Collins Obuya alionja maisha hayo kidogo, kwani baada ya 2003 alichukuliwa na Warwickshire, ingawa hakudumu. Kule, kaunti ilianza kama wapenzi waliokusanyika, chama cha taifa kikaja baadaye. Huku, serikali imetangulia kuchora kaunti, na wapenzi wanatafutwa.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu Kinna si mgeni wa mambo ya uongozi. Waborana wa Waso, eneo letu hili la Isiolo, wana dedha. Ni eneo la malisho, na pia ni baraza la wazee wanaolisimamia, na Kinna ina dedha yake. Wazee hao hupanga wapi mifugo ilishe wakati wa mvua, wapi kiangazi, na wapi pafungwe kabisa pabaki akiba ya ukame. Mfugaji anayetoka mbali haingii tu. Hutangulia kuja mwenyewe kuomba, akaulizwa ana ng'ombe wangapi na anakaa muda gani, ndipo akaruhusiwa au akaelekezwa kwingine. Visimani kuna aba herega, anayepanga zamu za kunywesha, nani leo na nani kesho, na anayevunja zamu hutozwa faini. Maamuzi hayapigiwi kura. Huzungumzwa hadi yapatane. Na anayezungumza ni mwenye mifugo, mtu ambaye akikosea uamuzi, ng'ombe wake ndio watakaokufa.

Dedha nayo imepigwa. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, watu wa Waso walikusanywa katika kambi, mifugo mingi ikateketea, na amri za serikali zikachukua mahali pa wazee. Baadaye machifu na kamati za miradi zikaendelea kuwasukuma pembeni. Lakini haikufa. Wazee waliendelea kukutana, na katika miaka ya karibuni, kaunti ya Isiolo ilipoanza kutenga fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi kupitia kamati za wadi, mojawapo ya mambo ambayo jamii za huku ziliomba ni wazee wa dedha wawezeshwe kukutana na kulinda malisho ya akiba.

Sidai kwamba baraza la malisho linaweza kuhamishwa likawa kamati ya kriketi. Dedha ina upungufu wake pia: wanawake na vijana wamekaa pembeni mno, na Sheria ya Michezo haikubali hilo. Ninachosema ni kwamba watu wa hapa wanajua tofauti kati ya msimamizi anayetegemea kisima na msimamizi aliyetumwa kukisimamia. Kama chama cha kriketi cha Isiolo kitaanzishwa, katiba yake iandikwe na watu wenye ujuzi huo. Mchezaji awe mjumbe mwenye kura tangu siku ya kwanza. Shule ziwe na kiti, kwa sababu bila shule hakuna foleni. Wasichana wacheze na wakae mezani. Hesabu zisomwe Kinna, Merti na Oldonyiro, zisiishie Isiolo mjini. Na chama kisijiandikishe kabla ya kuwa na klabu zinazocheza.

Mifano haiko mbali. Laikipia, jirani zetu upande wa magharibi, vijana wa Kimaasai waliunda timu ya Maasai Cricket Warriors baada ya kufundishwa na mtafiti kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akiwachunguza nyani, na wakautumia mchezo kupiga vita ukeketaji na ndoa za mapema. Walianza na watoto wa shule na uwanja wa vumbi. Uganda, iliyokuwa nyuma ya Kenya kwa miongo, ilitunza mashindano ya shule hata fedha zilipokosekana. Novemba 2023 ikaishinda Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la ova 20, na Juni 2024, huko Guyana, ikaifunga Papua New Guinea, Frank Nsubuga mwenye miaka 43 akiruhusu mikimbio minne tu katika ova zake nne.

Kazi ya kwanza hapa itakuwa ardhi. Sehemu ya katikati ya uwanja wa kriketi ina urefu wa yadi 22, yaani mita 20.12, nayo yaweza kutandikwa saruji na mkeka mahali pasipo maji ya kumwagilia nyasi. Inayohitaji nafasi ni duara la kuizunguka, mita 60 na zaidi kila upande. Nairobi, klabu zilipata viwanja vyao kwa michango ya matajiri na hati za ukodishaji. Kinna, sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kutenga sehemu yake kwa kazi maalumu, katika mkutano ambao lazima theluthi mbili ya wanajamii watu wazima wahudhurie. Basi mkutano huo ndio wa kuitishwa mwanzo, chini ya mti, wazee wa dedha wakiwemo, wachungaji, walimu, akina mama na vijana wa kandanda ambao hawataki uwanja wao uguswe. Wajadili kama mchezo huu wanautaka, eneo lipi halizibi njia ya mifugo kwenda majini, nani atalitunza wakati wa mvua, na kiangazi kikizidi, kama ng'ombe waruhusiwe kulisha ndani ya mpaka.